Simu Moja, Mikono Mingi: Kubuni Vyombo vya Kushiriki Picha na Sauti, Kasese na Bwera



Nimeombwa nizungumze juu ya simu. Nitaanzia mahali ambapo simu nyingi za wilaya hii ya Kasese hushinda mchana: dukani kwa mchaji. Mnalijua duka hilo. Soketi zimejaa ubaoni, nyaya zimejisokota kama mizizi, na kila simu imebandikwa kikaratasi chenye namba ya mwenyewe. Nje kuna benchi. Kwenye benchi wamekaa watu watatu wanaangalia simu moja. Wa kwanza ameishika. Wa pili ameinamisha shingo. Wa tatu kioo hakioni vizuri kwa sababu ya jua, lakini alikuwepo siku ile, kwa hiyo yeye ndiye anayesimulia: yule wa shati jeupe ni mjomba wa bibi harusi, hapo ndipo mvua ilipoanza, huyo mzee aliyesimama alikuwa akikumbusha deni la mbuzi. Video inakwisha. Wa pili anasema, "Nirushie na mimi." Simu mbili zinasogezwa karibu, zinasubiriwa, na kazi imekwisha.

Ndugu zangu, nini kilirushwa pale? Ilirushwa video. Masimulizi yalibaki kwenye benchi. Yule wa pili akifika nyumbani atawaonyesha watoto wake harusi, na mjomba atakuwa mtu tu wa shati jeupe. Kitu chenye thamani kuliko vyote kilitengenezwa na watu watatu kwa pamoja, na simu haikuwa na mahali pa kukiweka.

Mhadhara wangu wa leo ni juu ya mahali hapo pasipokuwepo. Nataka kusema kwamba simu tunazotumia zilibuniwa kwa ajili ya mtu mmoja anayetuma kitu kwa wengi, wakati sisi tunaishi kama wengi wanaotengeneza kitu kimoja. Na nataka kuwashawishi vijana wanaosoma kompyuta kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa kutoka hapa hapa.

Vitenzi vitatu

Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo simu imevifunga kwenye kitufe kimoja. Kuna kusambaza. Habari husambaa kama moto kwenye nyasi kavu, na aliyeuwasha hana haja ya kujua umefika wapi. Kuna kugawana. Muhogo hugawanwa, kila mtu akapata kipande chake, na aliyegawa hubaki na pungufu. Halafu kuna kushiriki. Watu hushiriki ngoma, hushiriki msiba, hushiriki kulima shamba la jirani. Huwezi kushiriki usipokuwepo. Anayeshiriki ana sehemu yake ya kazi, na mambo yakiharibika ana sehemu yake ya lawama.

Sasa chukua simu janja, igeuze lugha iwe Kiswahili, kisha tazama kile kitufe cha kutoa picha. Katika programu nyingi kimeandikwa "Shiriki". Neno zuri. Lakini ukikibonyeza, kinachotokea ni kusambaza. Picha inaondoka, inakwenda kwa mtu au kwa kundi la watu, na wewe umemaliza. Mfasiri alifanya kazi yake kwa uaminifu, ila kitendo chenyewe hakikuwa na kushiriki ndani yake. Kubuni chombo ninachokizungumzia leo ni kukifanya kitufe hicho kiseme kweli.

Simu ilipowajua wenyewe wake

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 2006 watafiti wawili, Jan Chipchase na Indri Tulusan, walifanya kazi hapa Uganda kwa niaba ya kampuni ya Nokia, wakitazama jinsi watu wanavyotumia simu kwa pamoja. Waliyoyaona wengi wenu mliokwisha kuwa watu wazima wakati ule mnayakumbuka kwa miili yenu. Waliona watu wakibipu ili wapigiwe. Waliona watu wakichanga fedha kununua vocha moja. Waliona kibanda cha simu kikiwa na daftari la namba za kijiji kizima, na mwenye kibanda akiupokea ujumbe kisha akatembea kwa miguu kumpelekea anayehusika.

Waliona pia njia ya kutuma fedha iliyoitwa sente. Kijana yuko mjini, mama yake yuko kijijini. Kijana ananunua vocha, lakini haiingizi kwenye simu yake. Anampigia mwenye kibanda wa kijijini na kumsomea namba za vocha. Mwenye kibanda anaziingiza kwake, anakata chake, na mama anapewa fedha taslimu mkononi. M-PESA ilianza Kenya mwaka 2007, na MTN ikaleta huduma yake ya fedha Uganda mwaka 2009. Lakini watu walikuwa wameshaonyesha njia, wakitumia kifaa ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Mwaka 2007 Nokia ilitoa simu ndogo iliyoitwa 1200. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya namba hadi vitano vilivyotengana, ili watu watano wanaotumia simu moja kila mmoja awe na chake, pamoja na kipimo cha gharama ili anayeazima ajue amekula kiasi gani. Kichwani ilikuwa na kurunzi. Simu za aina hiyo Uganda tumeziita katochi, Tanzania wanasema kitochi, na Kenya wakazipa jina la mulika mwizi. Jambo ninalotaka mlishike ni hili: mbunifu aliyeketi mbali sana na Bwera aliwahi kukubali, kwa maandishi ya ndani ya mashine, kwamba simu moja ina watu wengi.

Kisha simu janja ikaja na kukubali huko kukapotea. Ina albamu moja ya picha, akaunti moja na alama ya kidole ya mtu mmoja. Ni kweli kwamba mwaka 2014 mfumo wa Android ulileta kwenye simu nafasi ya watumiaji zaidi ya mmoja. Lakini nafasi hiyo ni ya kuwatenganisha: kila mtu na chumba chake, mlango umefungwa. Sisi tulikuwa tunahitaji mkeka.

Darasa la Kyarumba

Mkeka huo tumewahi kuuona ukifanya kazi, na si mbali. Panda milima kutoka barabara ya Bwera mpaka Kyarumba, kwa wakulima wa kahawa ya arabika wa ushirika wa Bukonzo Joint. Karibu mwaka 2008 wakulima wale walikuwa miongoni mwa vikundi vya kwanza vilivyokuza mbinu ya kujifunza inayojulikana kwa kifupi chake GALS, wakishirikiana na Linda Mayoux na shirika la Oxfam Novib. Mbinu ile haikuwa na kompyuta wala umeme. Ilikuwa na karatasi na kalamu za rangi.

Mtu asiyejua kusoma alipewa kalamu akachora barabara. Mwanzo wa barabara ni hali yake ya leo. Mwisho wake ni ndoto yake, pengine nyumba ya bati au mtoto aliyevaa sare za shule. Kando ya barabara alichora mambo yanayoweza kumsaidia na yanayoweza kumkwamisha. Mchoro mwingine ulikuwa mti. Shina ni watu wa nyumba ile. Mizizi ni kazi, na kila mzizi ulionyesha nani anaifanya. Matawi ni matumizi, na kila tawi lilionyesha fedha inakwenda kwa nani. Mume na mke walipomaliza kuuchora, waliutazama. Mara nyingi mti ulionekana umeegemea upande mmoja, mizizi mizito upande wa mama na matawi mazito upande wa baba, na hapakuwa na haja ya kugombana kwa maneno, maana mti ulikuwa mbele yao na wameuchora wenyewe.

Nawaomba wabunifu wa programu wakae mbele ya mti ule kama wanafunzi. Una masomo manne ambayo hayamo katika vitabu vyao vingi. Chombo kilianzia kwa asiyejua kusoma, kwa hiyo hakuna aliyeachwa nyuma. Kila mtu alichora chake kwanza, kisha vikawekwa pamoja, kwa hiyo mkubwa hakumfunika mdogo. Aliyejifunza alikwenda kumfundisha jirani, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mtaalamu kurudi kila wiki. Na mchoro ulibaki kwa mchoraji, katika daftari lake, nyumbani kwake.

Tukipima programu nyingi za simu kwa masomo hayo manne, zinaanguka lile la kwanza, zinaanguka la pili, na kwa lile la nne hata hazikufika kwenye mtihani.

Picha moja, sauti nyingi

Basi tuseme wazi tunataka nini. Mnaijua endara. Mbao zimechongwa, kila moja na sauti yake, zimelazwa juu ya magogo ya mgomba, na wapigaji kadhaa wanaipiga kwa pamoja, ala moja. Ukimwondoa mmoja, kuna tundu katika muziki. Ukimbakiza mmoja peke yake, utasikia ubao ukigongwa. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na endara imelisema hilo kwa mbao.

Chombo ninachokiona ni endara ya picha na sauti. Weka picha moja kwenye kioo: mto Nyamwamba baada ya mafuriko. Mto ule ulibomoa Kilembe na sehemu za mji wa Kasese mwezi Mei 2013, na ukarudi tena Mei 2020, hospitali ya Kilembe ikajaa maji na mawe. Watu wengi walipiga picha. Sasa mama mmoja anagusa sehemu ya picha palipokuwa na mlango wake, anarekodi sauti kwa nusu dakika: hapa ndipo tulipokuwa tukianika nguo. Mzee anagusa jiwe kubwa na kusema mto ulikuwa ukipita upande gani alipokuwa kijana akifanya kazi katika mgodi wa Kilembe. Mtoto wa shule anagusa daraja. Hakuna aliyefuta maneno ya mwenzake. Picha inabaki moja, sauti zinaongezeka, na mhandisi atakayekuja kujenga ukuta wa mto atasikia kumbukumbu ya miaka mingi kabla hajachimba msingi.

Wala jambo hili halizidi uwezo wetu. Miaka kumi na zaidi iliyopita watafiti wa Uingereza na Afrika Kusini walitoa programu ya bure ya Android iliyoitwa Com-Phone, ambayo humruhusu mtu kupanga picha, sauti na maandishi machache kuwa hadithi moja. Sehemu ya mawazo ya aina hiyo ilikua Afrika Kusini kwenyewe, katika kazi za Gary Marsden wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyefariki mwaka 2013 akiwa amefundisha wanafunzi wengi kwamba simu ya bei ndogo inastahili akili kubwa. Kwa hiyo msingi upo. Kilichobaki ni kujenga juu yake nyumba ya hapa.

Nyumba ya hapa itajengwa kwa sauti kabla ya maandishi. Nina sababu. Kwenye mpaka huu wetu na Kongo mtu mmoja huamka na Lhukonzo, huuza kwa Kiswahili, husali kwa Lhukonzo au Luganda, hujaza fomu kwa Kiingereza, na ndugu yake wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anaiita lugha ile ile ya nyumbani Kinande. Kibodi ya simu haijui watu wa namna hiyo. Ukiandika Lhukonzo inakusahihisha, inageuza jina la mama yako kuwa neno la kizungu. Sauti haisahihishwi na mtu. Mdomo unajua ilipo "lh" bila kuulizwa.

Sauti ina faida nyingine ambayo mfuko unaielewa. Dakika moja ya mazungumzo iliyobanwa kwa kilobiti 16 kwa sekunde ina uzito wa kilobaiti 120 hivi. Dakika moja ya video ya kawaida, kwa megabiti 1 kwa sekunde, ina uzito wa megabaiti 7.5. Yaani kwa bando la video moja ya dakika moja unaweza kusikiliza sauti za dakika 60. Picha moja iliyopunguzwa na sauti kumi za nusu dakika bado ni nyepesi kuliko dakika moja ya harusi.

Na wenye katochi? Wasikae nje ya mlango. India, katika misitu ya Chhattisgarh, mwandishi wa habari Shubhranshu Choudhary na wenzake walianzisha mwaka 2010 huduma inayoitwa CGNet Swara. Mwanakijiji anabipu. Mashine inampigia, kwa hiyo yeye halipi. Anabonyeza 1 kurekodi habari yake, au 2 kusikiliza za wengine. Wahariri husikiliza na kuhakiki kabla habari haijawekwa hadharani. Wasemaji wa Kigondi, lugha ambayo magazeti hayakuiandika, wakawa na mahali pa kusema kwamba kisima kimekauka au mwalimu haji shuleni. Sisi tuliokua tukibipu tunaelewa uzuri wa jambo hilo haraka kuliko mtu yeyote.

Reli na benchi

Tumesema hadithi ziwekwe wapi; sasa tuangalie zipite njia gani, na tuanze na njia ya zamani. Reli ilifika Kasese mwaka 1956. Ililetwa na shaba. Shaba ilichimbwa Kilembe, ikapelekwa Jinja kuyeyushwa, ikaendelea mpaka bandarini Mombasa. Reli ile ilikuwa kazi kubwa na iliwapa watu ajira, lakini iangalie kwenye ramani: haikumsaidia mtu wa Bwera kufika Kyarumba. Ilijengwa ili kitu kitoke hapa kiende mbali. Shaba ilipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, na treni nazo zilikuja kunyamaza.

Mtandao wetu wa picha umejengwa kwa mchoro ule ule. Watu wawili wamekaa kwenye benchi moja. Mmoja anamtumia mwenzake video kupitia mtandao. Video inapanda mnara, inavuka bahari, inafika kwenye mashine za kampuni katika nchi nyingine, inarudi, inashuka mnara ule ule, na inaingia kwenye simu iliyo umbali wa mkono. Wote wawili wamelipia safari hiyo. Kati ya Julai 2018 na Juni 2021 Waganda walitozwa pia shilingi 200 kwa siku ili kufungua mitandao ya kijamii. Tozo hiyo ilipoondolewa, Julai 2021, ikaja kodi ya asilimia 12 kwenye bando. Na Januari 2021, siku za uchaguzi, intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa nchi nzima. Mnara ukinyamaza, benchi nalo linanyamaza, ingawa watu bado wamekaa bega kwa bega.

Ndiyo maana neno "nirushie" ni neno la akili. Wanaorusha kwa bluetuthi, wanaobadilishana kadi za kumbukumbu, na yule kijana wa kibanda anayekujazia nyimbo kwenye kadi kwa malipo kidogo, hawako nyuma ya wakati. Wamejenga njia fupi mahali ambapo kampuni zilijenga ndefu. Chombo chetu kianzie kwenye njia hiyo. Hadithi yenye picha na sauti zake zote iwe faili moja linalorushwa simu kwa simu, na atakayelipokea aweze kuongeza sauti yake bila bando, bila akaunti, bila mnara. Faili likifika kwenye duka la kuchajia, duka liwe maktaba: kompyuta ndogo pale ubaoni, inayokula umeme kidogo kama simu mbili tatu, ihifadhi hadithi za kijiji ili simu ikiibiwa au ikiangukia majini kumbukumbu isizame nayo. Wale wale wa CGNet Swara walifanya jambo linalofanana na hili, wakichukua vipindi mahali penye mtandao na kuvisambaza vijijini kwa bluetuthi, wakaiita njia hiyo redio. Na Afrika Kusini, watu wa Mankosi walikwenda mbali zaidi: wameunda ushirika wao, Zenzeleni, unaomiliki mtandao wa kijiji chao wenyewe. Watu wanaoendesha ushirika wa kahawa hawashindwi kuendesha ushirika wa picha.

Maji yakimwagika

Mpaka hapa nimezungumza kama mtu anayependa kushiriki. Sasa nizungumze kama mtu anayeogopa.

Mwezi Juni 2019, wakati Ebola ikiua watu Kivu Kaskazini, mtoto wa miaka 5 alivuka mpaka na familia yake. Alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera, na tarehe 11 Juni ikathibitishwa kwamba ana Ebola. Alifariki. Ugonjwa ule, tangu ulipotangazwa Agosti 2018 hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020, uliwaua watu zaidi ya 2,200 ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Kongo. Wahudumu wetu wa afya waliuzuia usienee Kasese kwa ujuzi na ujasiri. Lakini mnakumbuka tulivyoishi wiki zile na simu zetu. Ujumbe wa sauti ulifika usiku, hujui umetoka kwa nani, unasema usiende hospitali. Mwingine unasema nenda. Sauti ile ile ninayoisifu leo ilikuwa ikibeba dawa na sumu katika kikombe kimoja.

Na mnakumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Mpondwe-Lhubiriha ilipovamiwa na watu zaidi ya 40 wakauawa, wengi wao wanafunzi. Sitasema mengi. Nitauliza tu swali ambalo kila mbunifu wa chombo cha picha anapaswa kulijibu kabla hajaandika mstari wa kwanza wa programu: siku ya msiba, chombo chako kitamlinda nani?

Maji yakimwagika hayazoleki. Faili likisharushwa simu kwa simu, hakuna anayeweza kulirudisha, na mbunifu atakayewaahidi kitufe cha kurudisha anawadanganya. Kwa hiyo ulinzi lazima uje kabla. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo kwamba ujumbe unaweza kusogezwa kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja, na Aprili 2020 ikaamua kwamba ujumbe uliokwisha kuzunguka sana usogezwe kwa gumzo moja tu kwa mara moja. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba ujumbe wa aina hiyo ulipungua kwa asilimia 70. Hawakumfunga mtu mdomo. Waliongeza hatua moja, na hatua hiyo ilitosha kuwapa watu nafasi ya kufikiri. Madhara mengi hutoka kwenye haraka kuliko kwenye ubaya.

Nasi tuongeze hatua zetu. Kabla hadithi haijatoka kwenye simu iliyoitengeneza, chombo kiulize kwa sauti, kwa Lhukonzo na kwa Kiswahili: hii ni ya nyumbani, ni ya kikundi, au ni ya wote? Kila aliyetia sauti yake ajibu kwa mdomo, na jibu lake lisafiri ndani ya faili, ili atakayelipokea Butembo au Kampala amsikie mama akisema mwenyewe, "Hii ni ya kikundi." Mtu mbaya ataweza kulipuuza. Lakini wengi wetu tunaona aibu zaidi kuvuka neno la mama tulilolisikia kwa sauti yake, kuliko kuvuka kisanduku cha masharti ambacho hakuna anayekisoma.

Kuna wa kulindwa mwingine, aliye karibu zaidi. Wanawake wengi wa vijijini wanatumia simu ambayo mwenyewe ni mume. Simu ya wote inaweza kuwa simu ya mmoja anayewasikiliza wote. Mti wa Kyarumba ulifanya kazi kwa sababu mama alichora daftarini kwake kwanza, kisha akachagua siku ya kuuonyesha. Basi tumpe daftari. Kadi ya kumbukumbu ina ukubwa wa kucha na inaingia kwenye kibindo cha kitenge. Chombo chetu kiweze kuishi ndani ya kadi: akiitia kwenye simu yoyote, hadithi zake zinafunguka; akiitoa, hakibaki kitu. Kushiriki kwa kweli kunamtaka mtu awe kwanza na chake, na awe na uwezo wa kukinyima.

Kazi iliyo mbele

Kwa vijana mnaosoma kompyuta, nina ombi. Msianze na kioo. Nendeni kwenye benchi mkae siku kadhaa bila kuuliza maswali. Hesabuni mikono inayoshika simu moja kabla haijarudi kwa mwenyewe. Sikilizeni nani anasimulia na nani ananyamaza. Kisha chukueni karatasi na kalamu za rangi kama Kyarumba, na muwaombe watu wa benchi wachore simu wanayoitaka. Mama akichora kitufe, muulizeni anakitaka kiseme nini, na sauti yake muirekodi ndani ya chombo iwe ndiyo maelekezo. Mkimaliza, fundisheni watu wawili tu. Wale wawili wakishindwa kuwafundisha wengine, kosa ni la chombo; rudini mkakirekebishe.

Kwa viongozi wetu, chombo kama hiki hakihitaji jengo wala sherehe ya kukata utepe. Kinahitaji bando lisigeuzwe anasa, na mtandao usizimwe siku watu wanapouhitaji kuliko siku zote.

Na kwa wazee wetu: simu zimewafikia mkiwa mmekwisha kujaa maneno. Msikubali kuambiwa kwamba ni vitu vya vijana. Picha ya mto bila sauti yenu ni picha ya maji tu.

Namalizia pale pale nilipoanzia. Watu watatu wako kwenye benchi, jua limepungua, betri imejaa. Wa pili anasema, "Nirushie na mimi." Siku kazi hii itakapokuwa imefanyika, yule wa tatu, ambaye kioo hakukiona vizuri, ataisogeza simu mdomoni na kusema mjomba ni yupi, mvua ilianza wapi, deni la mbuzi lilikuwa la nani. Halafu itarushwa. Na jioni, ng'ambo ya Lhubiriha, shangazi ambaye hakuweza kuja harusini atamsikia, atacheka, kisha atagusa picha mahali fulani na kusema: hapana, yule mbuzi alikwisha kulipwa.